Paka asiye na mwenyewe: Pa kumtafutia msaada na makao Kisii na Nyamira

AGHALABU huonekana alfajiri. Ni paka mmoja aliyekonda, au watoto wanne wa paka ndani ya katoni ya sabuni, walioachwa usiku nyuma ya vibanda vya soko la Daraja Mbili mjini Kisii, kando ya mashamba ya majani chai ya Kebirigo au penye kituo cha bodaboda mjini Keroka. Anayewaona huwa na swali moja tu: Wapelekwe wapi?

Jijini Nairobi swali hilo lina jibu fupi. Chama cha kutetea na kutunza wanyama, KSPCA, ambacho chimbuko lake ni mwaka wa 1910, kina makazi ya mbwa na paka mtaani Karen, na pia vituo Naivasha na Mombasa.

Gusii haimo katika orodha hiyo. Kutoka mjini Kisii hadi Karen ni safari ya takriban kilomita 300, na si busara kumfungia paka mgonjwa katika buti ya matatu kwa saa nyingi kiasi hicho ili afikishwe mahali ambapo huenda hakuna nafasi. Simu kwa chama hicho yaweza kuleta ushauri mwema. Gari la kumchukua paka kutoka Nyansiongo ni jambo jingine.

Hata hivyo, msaada upo. Tatizo ni kwamba umetawanyika: kipande kimoja kimo katika ofisi ya mifugo ya kaunti ndogo, kingine kwa daktari wa mifugo aliyezoea kutibu ng'ombe, kingine kwenye agroveti ya sokoni, na kipande kikubwa kuliko vyote kimo katika ghala la mkulima anayesumbuliwa na panya. Mwenye kumwokota paka ndiye anayelazimika kuviunganisha vipande hivyo.

Saa za kwanza

Kabla ya yote, paka ashikwe kwa hadhari. Hata yule mpole huuma na kuparura akitishika, na meno yake membamba hupenyeza vijidudu ndani kabisa ya nyama. Gunia zito, blanketi kuukuu au koti la mvua likitupwa juu yake humtuliza. Kisha atiwe katika katoni yenye matundu au kikapu chenye kifuniko. Watoto wa nyumbani wasitumwe kumkamata.

Awekwe mahali pakavu, penye giza kidogo na pasipo mbwa: jiko la nje lisilotumika, choo cha kuogea, au chumba cha stoo. Nyanda za juu za Gusii zina mvua nyingi na usiku wa baridi, na paka aliyelowa hufa kwa baridi upesi kuliko kwa njaa.

Chakula cha kwanza kiwe kidogo na maji yawe safi. Omena zilizochemshwa bila chumvi wala kitunguu, zikachanganywa na ugali kidogo, humfaa paka mkubwa na hupatikana katika kila soko. Imezoeleka kumpa paka maziwa ya ng'ombe. Ilhali wengi wa paka wakubwa hawawezi kuyasaga vyema na huishia kuharisha, jambo ambalo kwa mnyama aliyedhoofika huweza kuwa la mwisho.

Yapo makosa mawili ya nia njema ambayo huua. La kwanza ni kumpa paka dawa za binadamu, hasa paracetamol: hata kidonge kimoja chaweza kumwangamiza, kwa kuwa ini lake halina uwezo wa kuivunjavunja sumu ya dawa hiyo.

La pili ni la wafugaji. Paka akionekana na viroboto, mtu huchukua dawa ya kuogeshea ng'ombe dhidi ya kupe, akaipunguza kwa maji na kumpaka. Dawa hizo hazikukusudiwa paka, na baadhi ya kemikali zilizomo, permethrin ikiwa mojawapo, humtia mtetemeko na kifafa. Seuze paka ambaye hujilamba mwili mzima! Chanuo la meno ya karibu, maji ya uvuguvugu na subira ni salama zaidi hadi daktari ashauri.

Watoto wa paka ambao hawajafumbua macho wana hesabu yao. Macho hufunguka kati ya siku ya saba na ya 14, na kabla ya hapo hawawezi kujitia joto wala hata kujisaidia haja bila mama yao kuwalamba. Anayewalea hana budi kuwalisha kila baada ya saa mbili au tatu, mchana na usiku, wakiwa wamelala kifudifudi na kamwe si chali, kisha awapanguse sehemu za haja kwa kitambaa chenye maji ya uvuguvugu. Chupa ya maji ya moto iliyofungwa taulo huwa badala ya tumbo la mama.

Kazi hiyo ni nzito, na wengi wa watoto hao hufa hata mikononi mwa mlezi hodari. Njia bora zaidi vijijini ni kuuliza majirani kama yupo paka anayenyonyesha, kwani paka jike mwenye watoto wake mara nyingi hukubali kuwapokea wa mwenzake wakiwekwa taratibu. Katika boma ambako Kiswahili hakizungumzwi sana, muulizaji aulizie ekemoni.

Aidha, si busara kuwachukua watoto wa paka mara tu waonekanapo. Huenda mama yao amekwenda kuwinda. Wakiwa wakavu, wametulia na matumbo yamejaa, mtu angojee kwa mbali kwa saa chache kabla ya kuamua kwamba wametupwa.

Ni paka wa nani?

Si kila paka anayezurura ni paka asiye na mwenyewe. Gusii ni nchi ya mashamba madogo yaliyopakana; sensa ya 2019 ilihesabu watu 1,266,860 katika Kaunti ya Kisii, yaani 957 katika kila kilomita mraba, na 605,576 katika Kaunti ya Nyamira. Paka dume anaweza kuvuka maboma 20 kwa usiku mmoja, akala katika matatu, na kila boma likadhani ni wake.

Kwa hiyo jambo la kwanza ni kuuliza. Mzee wa kijiji, naibu wa chifu, mwenye kinu cha kusaga unga, na wahudumu wa bodaboda ndio wenye habari za mtaa. Tangazo la maandishi kwenye duka na ujumbe katika makundi ya simu ya kijiji au ya kanisa husaidia, na baadhi ya watu huomba habari itajwe katika redio zinazotangaza kwa Ekegusii, kama vile Egesa FM. Tangazo litaje mahali na siku alipopatikana, lakini liache alama moja bila kutajwa, ili anayedai ni wake aitaje mwenyewe.

Kiswahili kina majina ya kutofautisha paka hawa ambayo yamesahaulika magazetini. Shume ni paka dume mkubwa aliyetoka nyumbani akawa nusu mwitu. Kimburu ni paka wa mwitu hasa, yule ambaye wataalamu wanamhesabu kuwa wa ukoo ule ule uliozaa paka wote wa nyumbani duniani. Huko Cyprus wachimbaji walipata kaburi la miaka takriban 9,500 ambamo mtu alizikwa na paka kando yake, habari iliyotangazwa mwaka wa 2004. Ujirani huo ulianza kwa sababu ya nafaka: panya walifuata ghala, paka akawafuata panya.

Kimburu wa kweli ni mrefu wa miguu, ana pete nyeusi mkiani na nyuma ya masikio yake pana wekundu wa kutu. Ni nadra kuonekana katika maboma yaliyosongamana, lakini akipatikana si wa kufugwa: habari zake ni za Shirika la Huduma kwa Wanyamapori, KWS.

Kwa paka wa kawaida, kipimo ni tabia. Aliyepotea au kutupwa na watu humwita binadamu kwa sauti, humkaribia na kujisugua miguuni baada ya siku moja au mbili za chakula. Aliyezaliwa kichakani hunyamaza, hujibana pembeni na kukaa hivyo wiki nzima. Wakati wa mtoto wa paka kumzoea mtu ni mfupi mno, baina ya wiki ya pili na ya saba hivi ya uhai wake. Ukipita bila mkono wa binadamu, atafaa kuwa paka wa ghala kuliko wa sebuleni.

Na akionekana amekatwa ncha ya sikio moja, kwa kawaida la kushoto, mtu asidhani ni kovu la kupigana. Hiyo ni alama inayotumiwa kote duniani kuonyesha kwamba paka wa mtaani ameshahasiwa au kufungwa kizazi.

Ofisi ya mifugo na daktari

Katiba ya 2010, katika Sehemu ya Pili ya Jedwali la Nne, inazitaja kazi za serikali za kaunti. Miongoni mwazo ni udhibiti na ustawi wa wanyama, ikiwemo utoaji wa leseni za mbwa, na vituo vya kuwahifadhi, kuwatunza na kuwazika wanyama. Paka hakutajwa kwa jina, ila neno wanyama linamjumuisha.

Kazi hiyo ilikabidhiwa kaunti zilipoanza baada ya uchaguzi wa Machi 2013. Kwa vitendo, mlango wa mwananchi ni ofisi ya huduma za mifugo katika makao ya kaunti ndogo, kwa mfano Ogembo, Nyamache, Suneka, Manga au mjini Nyamira.

Anayebisha mlango huo ajue anachoweza kupewa. Siku ya afisa wa mifugo hapa humalizikia kwa ng'ombe wa maziwa, vibali vya kusafirisha mifugo na ukaguzi wa nyama vichinjioni. Mtu asitarajie chumba cha paka nyuma ya ofisi. Lakini afisa huyo ndiye anayejua ni daktari gani katika eneo lake hukubali kumpasua paka, ndiye anayetangaza siku za chanjo ya kichaa cha mbwa, na ndiye wa kuarifiwa mnyama akionyesha dalili za ugonjwa huo.

Keroka ina kioja chake, kwani mpaka wa kaunti mbili unaukata mji. Mwenye paka asikubali kutumwa ng'ambo ya barabara na kurudishwa: atoe taarifa upande ule ambako mnyama aliokotwa, na aandike jina la afisa aliyempokea.

Kuhusu matibabu, Sheria ya Madaktari wa Mifugo na Wahudumu wa Mifugo ya 2011 inaitaka Bodi ya Madaktari wa Mifugo, KVB, iwasajili wote wanaotoa huduma hizi. Kuna madaktari wenye shahada, na kuna wahudumu wenye diploma au cheti, wengi wao wakiwa wamesomea vyuo vya mifugo kama kile cha Kabete. Mhudumu anaweza kudunga chanjo na kutibu minyoo. Kumfungua tumbo paka jike ili kumfunga kizazi ni kazi ya daktari. Muuzaji wa agroveti si lazima awe mmoja wa hao wawili, hata akiwa amevaa koti jeupe.

Swali la kuuliza kabla ya kubeba paka kwa bodaboda hadi mjini ni rahisi: Je, daktari amewahi kumlaza paka usingizi wa dawa? Kipimo cha dawa kwa ndama si cha mnyama wa kilo tatu, na si aibu kwa daktari wa ng'ombe kukiri kwamba kazi hiyo amwachie mwenzake. Bei isemwe mapema, ikitaja dawa ya usingizi, upasuaji na dawa ya maumivu baadaye.

Kufunga kizazi ndilo jambo lenye faida ya kudumu kuliko yote yaliyotajwa. Paka jike anaweza kushika mimba akiwa na umri wa miezi minne au mitano tu, mimba huchukua siku 63 hadi 65 hivi, na anaweza kushika nyingine kabla hajawaachisha watoto kunyonya. Mtu aliyemhurumia paka mmoja Januari na kumwacha hivyo hivyo atakuwa na paka wengi wa kuhurumia kabla ya Krismasi. Katoni nyingi zinazotupwa sokoni zimetoka katika nyumba ambazo zilimpenda mama yao.

Familia ambazo haziwezi kulipa kila moja peke yake hupata nafuu zikiungana. Daktari anayesafiri kutoka mji mwingine ana sababu ya kufika kijijini akiwangojwa na paka sita. Kwa mmoja, nauli yake tu inazidi gharama ya kazi.

Kichaa cha mbwa si cha mbwa pekee

Hapa ndipo huruma inapohitaji akili. Kichaa cha mbwa hukadiriwa kuua watu 59,000 duniani kila mwaka, wengi wao Afrika na Asia, na wengi wakiwa watoto. Shirika la Afya Duniani linasema mbwa ndio chanzo cha visa 99 kati ya kila 100. Lakini paka naye hupata ugonjwa huo, kwa kawaida kwa kuumwa na mbwa, na anaweza kumwambukiza mtu.

Kenya ilizindua mwaka wa 2014 mkakati wa kuangamiza vifo vya binadamu vinavyotokana na ugonjwa huo kabla ya 2030, nguzo yake ikiwa ni kuwachanja mbwa wasiopungua asilimia 70. Siku ya kichaa cha mbwa duniani ni Septemba 28, kumbukumbu ya kufariki kwa Louis Pasteur mwaka wa 1895, na kampeni nyingi za chanjo hufanywa karibu na tarehe hiyo. Mwenye paka asione haya kumpeleka pale kwenye foleni ya mbwa, bora amfunge ndani ya kikapu. Chanjo hutolewa kuanzia umri wa miezi mitatu.

Paka wa kuogopwa ni yule aliyebadilika ghafla. Mpole amekuwa mkali, mwoga anamrukia mtu bila kuchokozwa, sauti imekauka, ute unatiririka, miguu ya nyuma inaburura. Huyo asishikwe kabisa. Afungiwe mlango alipo ikiwezekana, na afisa wa mifugo aitwe.

Mtu akiumwa au kuparurwa, jeraha lioshwe papo hapo kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15 kamili. Si mafuta ya taa, si pilipili, si majani. Kisha aende hospitalini siku iyo hiyo, iwe Hospitali ya Mafunzo na Rufaa ya Kisii, ile ya rufaa ya Nyamira au kituo kingine, akiuliza kwa simu kama chanjo ipo kabla ya kulipa nauli. Chanjo ifuatwe hadi sindano ya mwisho. Dalili zikishaanza kwa binadamu, ni nadra mno mtu kupona.

Paka aliyeuma, akiwa hai na anaweza kuzuiwa, awekwe chini ya uangalizi kwa siku kumi. Akiwa bado mzima baada ya muda huo, hakuwa na uwezo wa kuambukiza ugonjwa siku aliyouma. Wengi humuua kwa marungu na kumzika kabla ya jua kutua. Wakifanya hivyo wanazika pia ushahidi ambao daktari angeutumia. Akifa, afisa wa mifugo aarifiwe kwanza, na mtu asimpasue.

Wajawazito nao huambiwa wamfukuze paka kwa sababu ya ugonjwa wa toxoplasma. Hofu hiyo ina msingi, ila imetiwa chumvi. Vijidudu vyake huwa katika kinyesi cha paka na huchukua siku moja hadi tano kabla ya kuweza kumwambukiza mtu. Kinyesi kikiondolewa kila siku na mtu mwingine, mboga zikaoshwa, nyama ikaiva na mikono ikanawiwa baada ya kulima, hatari hupungua sana. Udongo wa bustani na nyama mbichi havina hatari ndogo kuliko paka mwenyewe.

Makao hutafutwa kwa hoja ya panya

Anayetaka kumtafutia paka makao Gusii asianze kwa kusema paka huyu ni wa kuhurumiwa. Aanze na panya. Kila mkulima aliyevuna mahindi na kuyaweka ndani ya nyumba kwa kuogopa wezi anajua kilichomo darini usiku. Kinu cha kusaga, duka la nafaka, stoo ya shule ya bweni, kituo cha kununulia majani chai: hizo ndizo nyumba zenye nafasi ya kazi.

Kaunti ndogo ya Borabu huko Nyamira, yenye mashamba makubwa kuliko kwingine kwa kuwa ilianza kama eneo la makazi mapya, ina maghala na mazizi ambako hata paka asiyependa kushikwa anaweza kuishi vyema. Huko shume mwenye hasira huwa mali, ilhali katika nyumba ya kupanga mtaani Nyanchwa angekuwa kero.

Lakini hoja ya panya ina masharti yake. Kwanza, boma linalompokea paka liache sumu ya panya. Paka hula panya aliyekwisha kula sumu, naye akafa. Na sumu zinazouzwa sokoni katika vipakiti visivyo na maandishi ni hatari hata kwa watoto wa nyumba. Mkulima achague moja kati ya mawili. Pili, itikadi kwamba paka asipewe chakula ili awinde haina ukweli. Paka huwinda hata akiwa ameshiba, na mwenye njaa huhama.

Itikadi nyingine ni ngumu zaidi. Kama ilivyo katika sehemu nyingi za nchi, paka mweusi hutajwa pamoja na uchawi, na Gusii ni mahali ambapo tuhuma za uchawi zimegharimu maisha ya watu: mwaka wa 2008 watu 11 waliteketezwa kwa moto Kisii, na mwaka wa 2021 wanawake wanne wazee waliuawa huko Marani. Kumpa ajuza anayeishi peke yake paka mweusi bila kuzungumza na majirani wake si zawadi. Paka wa rangi hiyo atafutiwe boma lenye watu wengi, duka au shule.

Mwenye kutoa paka aende mwenyewe kumwona mpokeaji. Aulize paka atalala wapi, atalishwa na nani familia ikisafiri, na kama yupo mbwa. Anayetaka dume ajue kwamba paka mwenye rangi tatu, nyeupe, nyeusi na ya machungwa, karibu kila mara ni jike. Udanganyifu mwingi wa sokoni huishia hapo.

Akitokea mtu anayetaka paka wengi kwa mkupuo, bila kujali jinsia wala umri, asipewe hata mmoja. Mwaka wa 2018 mahakama mjini Nakuru ilimfunga miaka mitatu mtu aliyekiri kuwachinja paka na kuuza nyama yao kwa watengenezaji wa sambusa.

Sheria ya Kuzuia Ukatili kwa Wanyama, Sura ya 360, inaharamisha kumpiga mnyama kikatili, kumtesa, kumpa sumu bila sababu ya haki na kumnyima chakula anayemtegemea mtu. Adhabu iliyoandikwa ndani yake ni faini isiyozidi Sh3,000, kifungo kisichozidi miezi sita, au vyote viwili. Faini hiyo ni ya enzi nyingine na haimtishi mtu. Hata hivyo, kituo chochote cha polisi kinaweza kupokea malalamiko, na anayelalamika abebe picha, tarehe na shahidi.

Kuhusu kile kituo cha kuhifadhi wanyama kilichotajwa katika Katiba, mwananchi ana njia. Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012 inampa kila mtu haki ya kuwasilisha ombi kwa bunge la kaunti. Ombi linaloeleza gharama za chanjo za binadamu baada ya kuumwa, likilinganisha na gharama ya kuwachanja na kuwafunga vizazi wanyama wa mjini, lina nafasi bora ya kusomwa kuliko linalozungumzia huruma pekee. Vikao vya kujadili bajeti ya kaunti na umma ni mahali pengine pa kulisema.

Paka akishapata boma, kazi haijakwisha siku ile ya kukabidhiwa. Ana kumbukumbu ya njia, na akifunguliwa mapema atajaribu kurudi alikotoka, hata kama ni kuvuka barabara kuu ya Kisii kwenda Sotik usiku. Afungiwe ndani ya stoo au chumba kwa wiki mbili au tatu, awe na sanduku la mchanga au jivu, alishwe saa zile zile na mtu yule yule, na aitwe kwa jina moja. Siku ya kwanza ya kutolewa nje iwe kabla ya chakula cha jioni, ili njaa imrudishe. Akitoroka na kuonekana tena alikookotwa, aliyemtoa ajulishwe kwa simu, na paka arejeshwe afungiwe upya. Wengi hutulia mara ya pili.